Chupa Mbili za Namba 7

Deli lilipofunguliwa juu ya meza ya maabara zilikutwa chupa 23 za maji. Daftari lilisema 24. Hilo peke yake lingevumilika. Lakini chupa mbili zilikuwa zimeandikwa namba 7, moja ilikuwa na doa la wino tu baada ya kulowa maji ya barafu njia nzima, na nyingine, kwa mwandiko mzuri kuliko zote, iliandikwa "Kwa Bibi". Nikauliza: bibi yupi? Wanafunzi watano wakatazamana. Aliyechota hakuwa aliyeandika, aliyeandika hakuwa aliyebeba, na aliyebeba, wa sita, alikuwa ameshukia Tabora kusalimia wazazi akawaachia wenzake mzigo.

Tulizimwaga zote nne. Mmoja wao aliomba tukisie ile ya Bibi, maana vijiji vilikuwa vitatu tu. Nikamwambia haiwezekani. Aseniki hupimwa kwa mikrogramu, na ukishaanza kukisia chupa imetoka wapi, mashine iliyonunuliwa kwa mamilioni inageuka kuwa pambo.

Sikuwalaumu sana, kwa sababu mpango ulikuwa wangu. Niligawa kazi kama inavyogawanywa karibu kila chuo: nyie wawili mtachota, wewe utapima, nyie mtaandika ripoti, fulani ndiye kiongozi. Kwenye karatasi mgawanyo ule unapendeza. Njiani unakatika kila mahali kazi inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, na mwisho wa safari anayeandika ripoti anaeleza visima ambavyo hajawahi kuviona.

Tangu mwaka ule nagawa chupa, sigawi kazi. Kundi la wanafunzi sita lipewe vyanzo 12 vya maji, kila mmoja viwili, na vyanzo hivyo ni vyake kuanzia salamu kwa wenye kisima hadi sentensi ya mwisho inayokitaja kisima hicho kwenye ripoti. Atachota mwenyewe, ataandika lebo mwenyewe, atasimama kando ya mashine chupa yake inapopimwa. Wenzake watamsaidia, huyu kupiga pampu, yule kusoma saa, lakini sahihi kwenye daftari ni yake. Siku ya kutetea ripoti ataulizwa chupa zake, na ataulizwa chupa moja ya mwenzake bila kujua ni ipi, ili asije na desa la mistari sita aliyokariri. Yule anayengoja jina lake litokee tu kwenye jalada, na kila kundi linaye, hapati pa kujificha. Sisemi ugomvi umeisha. Umehama tu: zamani waligombana nani hafanyi kazi, siku hizi wanagombana kisima cha nani kiko mbali na barabara.

Kuonyesha safari ya kupima aseniki inavyopangwa, nitatumia mfano wa Titye, kata ya Wilaya ya Kasulu, kwa sababu ndiko nyumbani na kwa sababu iko mbali na maabara kubwa kiasi kwamba kila udhaifu wa mpango utajitokeza kabla hamjarudi.

Kwanza wanafunzi waelewe wanatafuta nini, na kwa nini huenda wasikipate. Aseniki haina rangi, harufu wala ladha majini. Mtu huinywa miaka mingi ndipo ngozi ianze kutoa madoa, viganja na nyayo kuwa ngumu kama gamba, na baadaye huweza kuja saratani ya ngozi, mapafu au kibofu. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki ileile katika maji machache zaidi. Dawa ya klorini nayo haiiondoi. Shirika la Afya Duniani liliweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita mwaka 1993, badala ya 50 za awali, na kiwango cha maji ya kunywa cha Afrika Mashariki kinafuata hizo 10.

Hapa Tanzania jina la aseniki limesikika zaidi Kanda ya Ziwa, kwenye miamba ya dhahabu ya Geita na Mara. Dhahabu ya kule mara nyingi hukaa pamoja na asenopairaiti, madini ya chuma, aseniki na salfa, na mwamba ukivunjwa ukaachwa kwenye jua na mvua, aseniki hupata njia ya kuingia majini. Kasulu si Geita. Vilima vyetu kwa sehemu kubwa ni mawe ya mchanga na ya tope la kale lililogandamana, na watu wengi wanakunywa maji ya chemchemi zilizojengewa au ya mserereko yanayoshuka hadi kwenye vilula. Kwa hiyo mwanafunzi mwerevu atauliza: sasa tunaenda kupima nini? Jibu ni Bangladesh. Kule haukuhitajika mgodi. Kuanzia miaka ya 1970 vilichimbwa visima vya pampu kwa mamilioni ili watu waache maji machafu ya juu ya ardhi yaliyokuwa yakiua watoto kwa kuhara, na hakuna aliyepima aseniki. Ilikuwa ndani ya tope la mto lenyewe, imeshikamana na kutu ya chuma, na pale chini penye hewa kidogo kutu ile iliyeyuka ikaiachia. Kisima kirefu bondeni, chenye maji ya chuma, kinastahili kupimwa hata kama wilaya nzima haina mgodi. Waambieni wanafunzi mapema kwamba chanzo kisicho na aseniki ni jibu kamili, ni mstari ambao mtu wa miaka 20 ijayo atautafuta. Msipowaambia, mtaona wanavyoanza kuipenda namba kubwa.

Barua zianze wiki sita kabla ya safari. Ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, kwa Mkurugenzi, kwa Mtendaji wa Kata, kwa Mtendaji wa Kijiji, hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji, na ukiruka ngazi moja utarudishwa kuipanda. Njiani piteni kwa meneja wa RUWASA wa wilaya, wakala ulioanzishwa mwaka 2019 kusimamia maji vijijini, na kwa jumuiya ya watumia maji ya eneo lenyewe. Huko ndiko kuna taarifa ambayo wanafunzi huisahau kila mwaka: kina cha kisima na mwaka kilipochimbwa. Namba ya aseniki isiyo na kina cha kisima ni kama umri wa mtu asiye na jina.

Kuhusu fedha nitasema moja. Ada ya maabara itengwe kabla ya nauli, kabla ya chakula, kabla ya fulana za kundi. Nimeona makundi yanayochanga kutoka kwenye bumu, yanasafiri vizuri, yanakula vizuri, kisha chupa zinakaa chini ya kitanda cha hosteli mpaka muhula unakwisha.

Sasa twende kisimani, na hapa sitaharakisha.

Mkifika saa moja asubuhi mtakuta foleni ya ndoo na madumu. Salamu za Kiha hazina haraka, na kundi liwe na angalau mtu mmoja anayeweza kuziitikia. Vijana waliovaa glavu wakishuka kwenye gari na kuanza kujaza chupa bila shikamoo, jioni kijiji kizima kitakuwa kinasema maji yana sumu, na wengine watarudi mtoni. Mwenye chanzo, yaani yule mwanafunzi, ndiye anayesalimia na ndiye anayeeleza. Maneno yake yawe ya kweli na yawe machache: tunatoka chuo fulani, tunapima madini yaliyomo kwenye maji, moja linaitwa aseniki, majibu yatakuja kwa mtendaji mwezi fulani. Atatokea mama wa kuuliza, "Kwa hiyo mwanangu, tusiyanywe?" Jibu: "Mama, hatujajua lolote bado, endeleeni kama kawaida, nami nitarudi na majibu ya kisima hiki." Aseme "nitarudi", kwa nafsi ya kwanza. Hilo tulifanyie mazoezi darasani.

Maji yaliyolala ndani ya bomba la pampu si maji ya kisima. Pigeni pampu dakika kadhaa, mkipima joto na uwezo wa maji kupitisha umeme, hadi namba zitulie. Maji hayo msiyamwage chini. Yaende kwenye ndoo za walio kwenye foleni, na mtakuwa mmepata marafiki kumi bila hotuba.

Kisha ndoo moja ya pembeni iachwe itulie robo saa, kwa ajili ya somo. Maji ya baadhi ya visima hutoka meupe kabisa, halafu yanaanza kuwa na wingu la rangi ya chai, na mwisho kutu inatua chini ya ndoo. Ni chuma kilichokutana na hewa. Kutu ile hunasa aseniki na kuzama nayo, au kuganda nayo kwenye ukuta wa chupa. Mkichota maji hayo mkayapeleka maabara hivihivi, mashine itasoma maji ya juu yaliyosafishwa na kutu yake, nanyi mtawaandikia watu kwamba wako salama. Ndiyo maana maji huchujwa palepale, kwa bomba la sindano lenye chujio la mikromita 0.45, yakaingia kwenye chupa iliyotiwa matone ya asidi ya naitriki. Asidi yenyewe msiibebe kwenye basi. Iombeni maabara iwatilie ndani ya chupa kabla hamjaondoka, kisha mkumbuke mambo mawili yanayokwenda kinyume na mazoea: chupa hiyo haisuuzwi kwanza, na haijazwi mpaka ifurike, la sivyo asidi yote imeondoka. Yakishatiwa asidi vizuri maji hukaa hata miezi sita.

Kwamba sampuli isiyohifadhiwa vizuri huharibika, Mwingereza James Marsh alijifunza kwa aibu. Mwaka 1833 aliitwa kupima kahawa iliyodhaniwa kuua mzee mmoja, akaipata aseniki, ikatoa mashapo ya njano. Mashapo yalipofika mbele ya baraza la mahakama yalikuwa yameharibika, mshtakiwa akaachiwa. Marsh alikasirika, na mwaka 1836 akatoa njia mpya ya kupima ambayo ndiyo babu wa vipimo tunavyobeba kwenye begi leo.

Kila chanzo kitoe chupa mbili pacha, na kila siku ya kazi ijazwe chupa moja ya maji safi ya maabara, palepale kisimani, kwa mikono ileile. Hizo za maji safi zikikutwa na aseniki, uchafu ni wenu. Lebo iandikwe kabla ya kuchota, kwa maka isiyofutika, ipigwe selotepu juu, na namba ileile iandikwe kwenye kifuniko. Namba iwe na herufi za mwenye chupa na tarehe. Msiandike majina ya bibi.

Kipimo cha papo hapo kinafaa kwa kuchagua visima vya kufuatilia, na kinafaa zaidi kufundisha unyenyekevu. Unatia maji kwenye chupa yake, unatia asidi ya unga na unga wa zinki, unafunika kwa kifuniko kilichoshika ukanda wa karatasi yenye bromaidi ya zebaki. Povu linatoka, aseniki inapanda kama gesi iitwayo asini, ukanda unageuka njano, na ikiwa nyingi, kahawia. Gesi hiyo ni sumu kali, kwa hiyo kazi ifanyike nje penye upepo, si ndani ya ofisi ya mtendaji hata kama kuna mvua na amewakaribisha kwa moyo mweupe. Maji yenye harufu ya mayai viza hudanganya ukanda, na vifaa vingi huja na dawa ya kuzuia hilo. Isitumike kwa kukisia. Kanda zilizotumika zina zebaki, hivyo hazitupwi chooni wala jalalani. Zirudi na nyie.

Kwenye kusoma rangi ndipo kundi linapojulikana. Kadi ya rangi huruka: 10, 25, 50, 100. Dakika zikitimia, watu watatu wausome ukanda kivulini, kila mmoja aandike kwenye daftari lake kabla hajafungua mdomo. Nilikaa siku moja nikitazama. Wa kwanza aliandika 10, wa pili 25, wa tatu akachungulia kwa wenzake na kusema, "Tuseme 20." Kwenye kadi hakuna 20. Nilimwomba aniambie ukanda ulikuwa rangi gani, akafikiri sana, akasema ulikuwa kati ya ute wa yai na siagi. Hilo ndilo nililotaka aandike, na chini yake aandike 10 na 25, na majina ya walioona. Wakubaliane baadaye kama wanataka. Daftari libaki na ubishi wao.

Toka Kasulu hadi maabara ni safari. Wengine hushuka Kigoma wakapanda treni ya Reli ya Kati, wengine huchukua barabara ya Kibondo na Nyakanazi kwenda Mwanza. Vyovyote mtakavyopita, deli lisindikizwe na karatasi moja inayosema nani amelishika, tangu saa ngapi hadi saa ngapi, na anayelipokea asaini baada ya kuhesabu chupa mbele ya anayekabidhi. Kama kuna anayeshuka Tabora, asaini Tabora.

Kabla ya kulipia maabara yoyote, iwe ya chuo, ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini kule Dodoma au ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ulizeni kwanza: mashine yenu inaona kuanzia ngapi? Mashine ya AAS ya moto wa kawaida haifiki chini kiasi cha kuona mikrogramu 10. Inahitaji kiambatisho cha kugeuza aseniki kuwa gesi, au tanuru ya grafiti, au mashine kubwa zaidi ya aina ya ICP-MS. Mashine inayoanza kuona kwenye 100 ikiwaambia haikuona kitu, hamjajibiwa. Ulizeni pia kama watapima sampuli yenye kiasi kinachojulikana katikati ya zenu, na kama wenye chupa wanaruhusiwa kusimama hapo. Hilo la mwisho maabara nyingi hukubali mkiomba kwa adabu na mkiwa wachache.

Mashine ikishindwa kuona, ripoti isiandike sifuri. Iandike chini ya 1, au chini ya 5, kadiri ya mashine. Na vipimo viandikwe kwa maneno angalau mara moja. Miligramu 0.01 kwa lita na mikrogramu 10 kwa lita ni kitu kimoja. Mwanafunzi aliyechoka saa nane usiku huandika miligramu 10, na ameshakizidisha kisima cha watu mara 1,000.

Mnaodhani nakuza mambo ya lebo na sahihi, kumbukeni Mto Tigithe mkoani Mara, karibu na mgodi wa North Mara, baada ya maji ya asidi kuvuja mwaka 2009. Watafiti walipima metali, aseniki ikiwemo, na namba zikatoka. Namba za namna hiyo hazibishaniwi kwa kemia peke yake. Watu huuliza sampuli ilichotwa wapi hasa, upande wa juu au wa chini wa mgodi, msimu gani, nani alikuwepo, na kabla ya mgodi maji yalikuwaje. Ripoti ya wanafunzi wa mwaka wa tatu inaweza siku moja kuwa ndiyo pekee inayojibu swali hilo la mwisho kwa kijiji fulani.

Msimu nao uandikwe. Fildi za vyuo huangukia Julai hadi Septemba, kiangazi, wakati chemchemi zimepungua. Mwanafunzi mwenye kwao huko arudie chupa zake akienda likizo mvua zikiwa zimekolea. Hiyo ndiyo faida nyingine ya mtu kuwa na chanzo chake.

Majibu yanarudi kwa ngazi zilezile yalizopitia maombi, na chanzo chochote kilichozidi 10 kinapimwa tena kwanza, kwa chupa mpya, huku meneja wa RUWASA akijua. Msitume picha ya jedwali kwenye kundi la WhatsApp la kata. Ripoti ya Kiingereza ibaki chuoni. Kijijini ipelekwe karatasi mbili za Kiswahili zenye ramani iliyochorwa kwa mkono, kila chanzo kikiitwa kwa jina ambalo wachotaji wenyewe wanaliita.

Aliyewahi kufanya hivyo kwa ukamilifu kati ya wanafunzi wangu alikuwa binti mmoja mkimya, ambaye sikumtegemea sana. Alirudi na karatasi zake, akasoma majibu ya visima vyake viwili mbele ya ofisi ya mtendaji, akajibu maswali ya kuchemsha na ya klorini. Mzee mmoja akanyoosha fimbo kuelekea ng'ambo ya bonde: na kile cha shule je? Kundi halikukichota, siku ile pampu ilikuwa imefungwa kwa kufuli na mwenye ufunguo alikwenda mnadani. Binti akafungua daftari, akaandika mahali kilipo na jina la mwenye ufunguo. Mwaka uliofuata ilikuwa chupa ya kwanza kugawiwa.